Sahani ni ya Nani, na Wimbo ni wa Nani?

Wengi wetu tukisikia wimbo redioni hudhani mwenyewe ni mmoja tu, yule anayeimba. Sivyo. Wimbo ukisharekodiwa huwa na mali mbili ndani yake. Ya kwanza ni utunzi, yaani maneno na mahadhi, nayo ni ya mtunzi. Ya pili ni ile sauti iliyonaswa, nayo kisheria ni ya aliyeisimamia na kuigharimia kazi ya kurekodi.

Wapenzi wa taarabu wanalijua jambo hili. Marehemu Juma Bhalo aliimba nyimbo nyingi zilizotungwa na binamu yake, Ahmad Nassir. Mtunzi mmoja, mwimbaji mwengine, na mwenye kutoa santuri wa tatu.

Tazama basi "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms, vijana wa Pwani hii hii. Mwaka 1983 Boney M, kundi la Ujerumani, waliuimba upya wimbo huo. Hawakuitumia sahani ya Mushrooms; walipiga ala zao na kuimba kwa sauti zao. Kwa hiyo aliyestahili kulipwa hapo ni mtunzi, wala si mwenye sahani. Lakini redio ikiipiga sahani yenyewe ya Mushrooms, mali zote mbili zimetumika.

Hata umri wa mali hizi ni mbali mbali. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 huilinda sahani miaka 50 tangu kurekodiwa. Utunzi hulindwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Teddy Kalanda Harrison, mtunzi wa "Jambo Bwana", alifariki mwaka 2024. Warithi wake wana haki hadi mwisho wa mwaka 2074, hali sahani itakuwa imekwisha muda zamani.

Hapa ndipo bendi nyingi zinapoumia. Tajiri hulipia studio, kisha husema wimbo wote ni wake. Sheria yataka hakimiliki ihamishwe kwa maandishi. Basi kabla ya kutia sahihi, ulizeni: tunauza sahani, au na utunzi pia? Na ninyi kwa ninyi, andikeni nani katunga maneno na nani mahadhi, kabla wimbo haujapata jina. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.