Pima na Kiswahili kwanza

Wasee, swali kwa inbox ni lile lile: kati ya Windows Forms, Qt Designer na Lazarus, gani ndio noma ya kuchorea madirisha ya programu? Wengi wenu mnachagua ile inayoburuta vitufe haraka. Mimi nasema hicho ni kipimo kibovu.

Kuburuta si jambo jipya. Interface Builder ilifanya hivyo kwenye kompyuta za NeXT mwishoni mwa miaka ya 1980, na Visual Basic ikaileta Windows mwaka wa 1991. Zote zinaburuta. Tofauti huonekana baadaye.

Fanya hivi. Chora kitufe cha "Save", kisha ukibadilishe kiwe "Hifadhi mabadiliko". Halafu tanua dirisha lijae skrini.

Kwa Windows Forms, kitufe hukaa pale pale ulipokiweka, kwa ukubwa ule ule. Usipokiambia kijipanue, maneno hayatoshei. Usipokipa nanga upande wa kulia, dirisha likitanuka chenyewe kinabaki kushoto. Inawezekana kurekebisha, lakini ni juu yako kukumbuka.

Qt Designer inasumbua mwanzoni, kwa sababu inakutaka upange vitu kwa safu au gridi. Ukishapanga, vitufe hujinyoosha kulingana na maneno. Tena mchoro hukaa kwa faili yake ya .ui, kando na msimbo, na unaweza kuitumia na Python au C++.

Lazarus mnaicheka ati Pascal ni ya wazee. Sawa, lakini ni ya bure, inafanya kazi Windows na Linux, na inakupa programu isiyohitaji .NET. Kwa laptopu nzee ya duka la hadweya, hiyo ni baraka.

Mbona nashikilia hili? Nashuku programu zetu hubaki Kiingereza si ati Kiswahili hakina maneno, ni vile dirisha halikuachiwa nafasi. Anayeumia ni yule dada wa kaunta anayebahatisha kitufe cha kubonyeza huku wateja wamepiga foleni.

Kwangu, Qt Designer inaongoza, Lazarus inafuata kwa mashine dhaifu. Wewe kama unapenda Windows Forms, endelea tu. Lakini chora kwa Kiswahili kuanzia siku ya kwanza, usingoje mwisho. Mnasemaje?