Hati na Ramani Zisiwekwe Mbalimbali

Mwananchi wa Dar es Salaam anunuapo kiwanja kisichopimwa hupewa karatasi ya mauziano. Mwenyekiti wa mtaa atia mhuri, mashahidi watia sahihi, fedha zahesabiwa. Miaka kumi baadaye nyumba imesimama na watoto wamezaliwa ndani yake, ndipo aja mtu na kopo la rangi nyekundu kuandika X ukutani. Mwenye nyumba aambiwa kwamba pale ni hifadhi ya barabara, au kiwanja cha wazi, au bonde la mto. Ramani ilikuwapo siku zote, ila ilikuwa katika ofisi nyingine.

Sisi twakataa kuita jambo hili bahati mbaya. Daftari la kuonyesha nani ana ardhi lina wakubwa wake, na ramani ya kuonyesha ardhi itumikeje ina wakubwa wake. Mwananchi ndiye anayelipa gharama ya nafasi iliyo kati ya ofisi hizo mbili.

Desturi hii ni ya zamani. Wajerumani walitoa amri ya ujenzi ya 1891 wakaugawa mji kwa aina ya nyumba. Waingereza wakaja na maeneo yao matatu: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kuwa mpaka. Mwafrika hakuulizwa ramani ile wala hakuonyeshwa; aliambiwa tu pa kulala. Uhuru ulipokuja tulifuta umilikaji wa milele wa ardhi mwaka 1963, na hilo lilikuwa jema. Lakini desturi ya kumficha mwananchi ramani hatukuifuta.

Tazameni Barabara ya Morogoro. Mwaka 2017 nyumba zilibomolewa kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya kwa sababu ya hifadhi ya zaidi ya mita 100 kila upande, ambayo asili yake ni sheria ya barabara ya 1932. Au tazameni Bonde la Msimbazi. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 watu walihamishiwa Mabwepande, na Desemba 2015 tingatinga likaingia kwa waliobaki. Sheria ya Ardhi ya 1999 yataja mita 60 kutoka ukingo wa mto kuwa miongoni mwa ardhi iwezayo kutangazwa ya hatari. Hatusemi watu waachwe wafe maji. Twauliza: aliyetia mhuri wa mauziano alipimiwa na nani hizo mita 60?

Kijijini shauri ni jepesi zaidi, angalau katika sheria. Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaopitisha mpango wa matumizi ya ardhi, na Halmashauri ya Kijiji hiyo hiyo ndiyo itoayo hati ya hakimiliki ya kimila. Wanaojua malisho yako wapi ndio wanaoandika jina la mkulima. Mjini, kwa nini isiwe hivyo?

Sasa Wizara inaingiza kumbukumbu za ardhi katika kompyuta. Ni vizuri. Lakini ikiwa atakayefanya upekuzi ataonyeshwa jina la mwenye kiwanja na deni la benki tu, asionyeshwe kwamba barabara imepangwa kupita sebuleni, kompyuta itakuwa imeharakisha kosa lile lile. Kila kiwanja na kila leseni ya makazi iandikwe pamoja na matumizi yake yaliyopangwa. Na mpango ukibadilishwa, wote waliomo katika daftari wapewe habari kwa maandishi, fidia ijulikane kabla ya rangi nyekundu kufika.

Wapo watakaosema kuandikwa ni mtego wa kodi. Kodi ya jengo hulipwa hata na anayengoja kubomolewa, basi hoja hiyo haina nguvu.

Tena tuseme la nyumbani, ingawa litawachukiza baadhi ya wenzetu. Wapo wenyeviti, na wengine ni wanachama wenye kadi, wanaodai asilimia 10 ya bei ili watie mhuri juu ya kiwanja ambacho wanajua ni cha shule. Ramani ikibandikwa ukutani biashara hiyo itakwisha, na labda ndiyo sababu haijabandikwa.

Tawi lolote litakalokutana mwezi huu liende ofisi ya serikali ya mtaa wake, liombe kuionyeshwa ramani ya mipango miji, na lituandikie limejibiwa nini. Majibu tutayachapa.