Wamshukuru kwa Ardhi, Wamkatize Akiisemea

KUTOKA PERTH
Na Bi Mwanakombo

Jumamosi nilirudi nyumbani na miche yangu ya vitunguu mkononi, sikupanda hata mmoja, kwa hasira. Wasomaji wa siku nyingi mnaijua bustani yetu ya mtaa, ile ya bamia zilizogoma. Safari hii kosa si la bamia.

Kikao cha bustani siku hiyo kilifunguliwa na bibi mmoja wa Noongar, ambaye sote twamwita Shangazi, ndiyo adabu ya hapa kwa wazee wao. Whadjuk Noongar ndio wenyeji wa Perth na wa mto Derbarl Yerrigan, ambao ramani zauita Swan. Akatukaribisha kwa lugha yake. Kisha akaanza kutueleza kwamba msimu wa Djeran umekwisha: sisimizi wenye mabawa, wale wanaotukumbusha kumbikumbi sisi wa Pwani, hawaruki tena, na bata-maji weusi wameshaanza kushikana wawili wawili. Makuru imeingia, akasema, msimu wa baridi na mvua, na...

Hapo mwenye kikao akamgusa bega, akamshukuru kwa hadithi nzuri, akawasha skrini.

Tukakaa dakika arobaini tukionyeshwa mvua ya kila mwezi kwa milimita, halafu utabiri wa miezi mitatu. Uwezekano wa mvua kuvuka kiwango cha kati ni asilimia 40, akasema, kwa hiyo msipande, mvua hakuna. Nikasimama. Utabiri ule hausemi mvua hakuna! Unapima uwezekano wa msimu huu kuvuka kiwango cha kati cha miaka iliyopita, basi. Mvua yaweza kubaki chini kidogo ya kiwango hicho, na vitunguu vikanywa vikashiba. Mtu aliyemnyamazisha mzee kwa ajili ya takwimu, takwimu zenyewe hakuzisoma.

Kipima mvua nakiheshimu. Nchi hii mvua husomwa saa 3 asubuhi, siku baada ya siku, na namba hizo ndizo zilizofichua kwamba kusini-magharibi mwa Australia mvua ya Aprili hadi Oktoba imepungua kwa takriban asilimia 15 tangu 1970. Ndiyo maana tangu 2006 Perth inakunywa na maji ya bahari, yanayoondolewa chumvi pale Kwinana.

Bwana yule akanijibu kwamba tabianchi imebadilika, kalenda za kale zimekufa. Ndipo nilipookota miche yangu. Birak, Bunuru, Djeran, Makuru, Djilba, Kambarang: misimu hiyo sita ya Noongar haikufungwa kwa tarehe. Huingia ishara zinapoingia, mwaka huu mrefu, mwaka ujao mfupi. Kalenda inayofuata maua, ndege na upepo itakufaje kwa sababu maua, ndege na upepo vimebadili nyakati? Hiyo ndiyo itakayotangulia kutuambia. Iliyoganda ni ile ya misimu minne, waliyokuja nayo walowezi wa Kiingereza mwaka 1829, inayotangaza baridi kila Juni mosi hata jua liwe linachoma.

Babu yangu, kule Makunduchi, alihesabu miongo, siku kumi kumi tangu Siku ya Mwaka, na kwa hesabu hiyo wavuvi wakajua kusi litatulia lini. Sikumbuki nahodha aliyewahi kumgusa bega. Na bahari yetu na ya hapa ni moja. Mwishoni mwa 2019, maji ya magharibi ya Bahari ya Hindi yalipopata joto kuliko ya mashariki, kwetu kulifurika na mashariki mwa Australia kukaungua. Bahari kubwa namna hiyo haiwezi kuangaliwa kwa jicho moja.

Hapa kila kikao, cha shule, cha mpira, cha bustani, huanza kwa kuwatambua wenyeji wa ardhi. Maneno mazuri, nayapenda. Lakini ukimshukuru mtu kwa nyumba yake, akakwambia paa linavuja upande ule, ukamkatiza, basi hukumshukuru, umemwonyesha mlango.

Miche ningali nayo, imelowekwa kwenye kopo dirishani. Haitaingia ardhini kabla Shangazi hajamaliza sentensi yake.