Mshtuko wa Moyo Hauletwi na Mafuta Peke Yake

Kijana akifariki ghafla kwa maumivu ya kifua, msibani husemwa mengi, na sababu moja hutajwa kwa nadra: maambukizi ya vali za moyo. Bakteria walioingia kwenye damu hujishikiza kwenye vali na kujenga mabonge. Kipande kikikatika, damu hukisukuma. Kikiziba mshipa unaolisha moyo, huo ni mshtuko wa moyo. Haya hayatokei kila siku, lakini yakitokea huua, na mara nyingi yangeweza kuzuiwa. Kinachotukwamisha ni madai yafuatayo.

1. “Mshtuko wa moyo ni wa wazee na wanene. Kijana akifa hivyo, amerogwa.”

Ni kweli kwamba mishtuko mingi ya moyo hutokana na mafuta yaliyorundikana kwenye mishipa kwa miaka. Lakini bonge lililokatika kwenye vali halichagui umri wala uzito. Mishipa ya kijana yaweza kuwa safi kabisa, na bado ikazibwa ghafla. Kipande hichohicho kikielekea kwenye ubongo, jambo linalotokea mara nyingi zaidi, huleta kiharusi. Familia inayomsaka mchawi humwonea jirani asiye na kosa, na chanzo cha kifo hakichunguzwi.

2. “Mafindofindo ya mtoto hupona yenyewe.”

Koo hupona, lakini hatari huja baadaye. Koo likiambukizwa bakteria aina ya streptokoka wa kundi A na lisitibiwe, kuna watoto ambao, wiki chache baadaye, kinga ya mwili wao hushambulia viungo na moyo wao wenyewe. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Ikijirudia, vali hukakamaa au huvuja, na bakteria hujishikiza kwa urahisi kwenye vali iliyoharibika. Afrika Mashariki bado inawapoteza watoto na vijana kwa njia hii, ilhali penisilini ni dawa ya zamani na ya bei nafuu. Mtoto aliyekwisha kuugua huhitaji sindano ya benzathini penisilini kila wiki tatu au nne, kwa miaka kadhaa. Mzazi asiiruke hata moja.

3. “Homa isiyoisha ni malaria sugu au taifodi.”

Mtu ana homa ya wiki kadhaa, anatoka jasho usiku, anakonda, anahema akitembea kidogo. Ananunua dawa ya malaria, kisha vidonge vichache vya antibayotiki duka la dawa. Homa inashuka, halafu inarudi. Vidonge hivyo haviwamalizi bakteria walio kwenye vali; vinawaficha tu. Damu ikija kuoteshwa maabara ili bakteria waonekane, hakuna kinachoota, na daktari anabaki kutibu kwa kubahatisha. Kipimo kikionyesha huna malaria na homa inaendelea, nenda hospitali, uliza kuhusu kuotesha damu kabla ya kuanza antibayotiki, na kuhusu kupima moyo kwa eko, yaani ultrasound ya moyo.

4. “Jino halihusiani na moyo.”

Linahusiana. Bakteria wa kinywani huingia kwenye damu jino linapong'olewa, na hata mtu mwenye fizi mbovu anapotafuna. Mwenye vali zenye afya kwa kawaida huwashinda bila kujua. Aliyewekewa vali bandia, au aliyewahi kupata maambukizi ya vali, lazima amweleze daktari wa meno mapema, kwa sababu huhitaji dozi moja ya antibayotiki, kwa kawaida amoksilini, nusu saa hadi saa moja kabla ya jino kung'olewa. Nyumbani, mswaki wa kila siku ni kinga ya moyo pia.

5. “Homa ikishuka, umepona.”

Ndani ya mabonge yale ya kwenye vali hakuna mishipa ya damu. Chembe nyeupe za damu haziwafikii bakteria, na dawa hupenya kwa shida. Ndiyo maana matibabu huwa antibayotiki ya kupitia mshipa kwa wiki nne hadi sita, na baadhi ya wagonjwa huhitaji upasuaji wa vali. Mwaka 1911 mtunzi wa muziki Gustav Mahler alipimwa damu New York, bakteria wakaonekana. Madaktari walijua anachougua, lakini antibayotiki hazikuwepo. Alifariki Vienna mwezi Mei mwaka huohuo, akiwa na miaka 50. Sisi tunayo dawa aliyoikosa, na bado wapo wanaoikatiza njiani.

6. “Mshtuko wa moyo ni uleule, na tiba ni ileile.”

Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda huwaokoa wagonjwa wengi wa mshtuko wa moyo. Kwa mwenye maambukizi ya vali, dawa hiyo yaweza kusababisha damu kuvuja kwenye ubongo. Kwa hiyo ukimpeleka mgonjwa hospitali, mwambie daktari kama amekuwa na homa, au kama aliwahi kuambiwa ana tatizo la vali.

Mzazi, mtibu mtoto koo. Mgonjwa, maliza dozi. Na homa ikizidi wiki mbili bila sababu kujulikana, usirudi tena duka la dawa: nenda hospitali moyo wako upimwe.