Unaenda Brazili? Anza na soketi, ufuo baadaye

Vitabu vya wasafiri vitakusimulia Copacabana na samba. Mimi nasema anza na umeme na pesa, maana ndivyo hukwamisha mgeni.

Umeme: Brazili haina volti moja nchi nzima. Rio de Janeiro na São Paulo ni 127, Brasília ni 220. Plagi zetu haziingii kule, kwa hivyo tafuta adapta ya aina N. Soma chaja yako. Ikiandikwa 100-240V, usihofu. Lakini mashine ya kukausha nywele ya volti 127 pekee ukiileta Nairobi, itaungua.

Pesa: tangu Novemba 2020 Wabrazili hulipana kwa Pix, mfumo wa Benki Kuu yao. Ni wa papo hapo, saa 24. Shida ni kwamba akaunti ya benki huhitaji CPF, namba ya mlipa kodi, na mgeni wa wiki mbili kwa kawaida hana. Kwangu hiyo ni kasoro ya usanifu: mgeni amesahauliwa. Wewe uliyezoea M-Pesa, usitegemee simu peke yake. Beba kadi mbili, na noti za reais za muuza madafu.

Safari njema!