Hisabati Haiishii Ubaoni

Barabara itokayo Meru kwenda Embu huvuka ikweta kabla ya kufika Nkubu. Mimi mwalimu wa hisabati nimeipita miaka mingi, wala sikuwahi kuugeuza mstari huo kuwa somo, mpaka msichana mmoja wa kidato cha nne aliponiuliza shahada ya hisabati ingempeleka wapi zaidi ya ualimu. Nilimtajia benki na bima. Jibu hilo halikumridhisha, na kwa kweli halikuniridhisha hata mimi.

Laiti ningalimwambia haya! Setilaiti iliyo kilomita 500 juu yetu huizunguka dunia kwa dakika 94 na nusu hivi. Dunia nayo hujizungusha digrii moja kila dakika nne. Basi setilaiti ikivuka ikweta juu ya Meru ikielekea kaskazini, itakapoivuka tena ikielekea huko huko, dunia itakuwa imegeuka zaidi ya digrii 23. Itapita kilomita 2,600 hivi magharibi, karibu na mpaka wa Gabon na Kongo. Hiyo ni mada ya longitudo na latitudo, ile ile ambayo wanafunzi wengi huikwepa katika mtihani.

Waongozao setilaiti huishi kwa hesabu za namna hii, ingawa zao ni ngumu zaidi: hukadiria njia ya chombo kutokana na vipimo visivyo kamili, na hupima uwezekano wa kugongana na mabaki yaliyozagaa angani. Mambo haya si mageni Kenya. Setilaiti ya Kimarekani iliyopewa jina Uhuru ilirushwa pwani yetu, karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Taifa-1, ya kwetu wenyewe, ilirushwa kutoka Marekani tarehe 15 Aprili 2023. Na anayedhani kwamba anga iko mbali na awaulize wakazi wa Mukuku, Makueni, ambako pete ya chuma ya kilo 500 hivi ilianguka kutoka angani tarehe 30 Desemba 2024.

Hata hivyo, tusiwadanganye watoto. Shirika la Anga za Juu la Kenya liliundwa mwaka 2017 tu, na haliwezi kumwajiri kila mhitimu. Tena shahada ya hisabati peke yake haitoshi. Anayeisomea, awe Meru au Embu, hana budi kujifunza kuandika programu za kompyuta, takwimu na fizikia ya mwendo, hata kama mhadhiri wake hamlazimishi. Akikosa kazi ya kuongoza setilaiti, ujuzi huo huo utamfaa katika kusoma picha zake, kukadiria mavuno au kufuatilia ukame.

Msichana yule bado yuko darasani mwangu. Muhula ujao nitaianza mada ile kwa ikweta yetu ya karibu na Nkubu, na nawaomba walimu wenzangu wa Embu wanitumie maswali watakayoulizwa.