KONA YA MWALIMU: Kabla hujanunua kigari cha zamani

Mama mmoja wa kwetu ameniuliza: mdogo wake aliyerudi nyumbani anataka kununua Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, imekaa uani miaka na miaka, aitengeneze polepole. Je, amtumie akiba yake?

Mama, subiri kidogo. Kwanza ainue kiti cha nyuma. Betri iko chini yake, na asidi ikivuja inakula bati la sakafu. Abonyeze hapo kwa bisibisi. Ikitoboka, hela ya kwanza ni ya fundi wa kuchomelea, siyo ya rangi. Vijana wengi wanakimbilia rangi!

Injini isimtishe. Iko nyuma, inapoozwa kwa hewa, haina rejeta. Ila mkanda wa feni ukikatika asimame palepale, la sivyo injini itaungua.

Halafu aombe kadi ya gari, alinganishe jina na la muuzaji. Awaulize na majirani. Gari iliyoachwa uani muda wote huo, huenda mwenyewe yuko kambini kama sisi, na bado anaihesabu kuwa yake.